Shimo la Jiwe la Tisa

Mawe yamebaki manane. La tisa liko bandani,
limelazwa juu ya mlango wa ng'ombe wa Elspet Cruickshank.
Babu yake, Wattie, alilikokota kwa farasi wawili
mwaka ule theluji ilipoanguka mwezi wa tano.
Jiwe ni jiwe, alisema, na ng'ombe hawalali nje.
Farasi mmoja alivunjika mguu.
Bibi naye, mpaka anakufa, aliingia bandani kainama,
ingawa mlango ulimpita kimo kwa shubiri mbili.

Kila Oktoba huja Morven wa idara ya urithi:
viatu vya mpira, daftari, kamera iliyofungwa kwa utepe.
Huyahesabu mawe kama mwalimu ahesabuye watoto baada ya safari.
Hupima nyufa. Huwafukuza kondoo wanaojikuna mgongo
kwenye lile lililolala, refu kama lori,
ambalo mwezi, mara moja kila miaka kumi na minane na ushei,
hupita juu yake chini kabisa, kama anayetafuta kitu alichodondosha.

Mwaka huu Elspet alimkabili pale langoni.
"Lirudisheni. Ng'ombe nimeuza, paa limeanguka,
nina miaka themanini na moja. Dawa ya deni ni kulipa."

Morven akajikuna shingo.
"Sheria," akasema, "inalinda hata shimo."
Chini ya zile nyasi mna mkaa wa moto wa mazishi,
mna vipande vya mifupa ya mtoto, vyembamba kama kucha,
ambavyo hakuna mkono uliovigusa tangu siku ile.
Wattie aling'oa ya juu tu.
Ukichimba ili urudishe, utamaliza alichoanza.
Kuna fomu. Kuna kamati mjini.

"Babu yangu hakujaza fomu," Elspet akasema,
akacheka kicheko cha mtu aliyezalisha ng'ombe usiku wa barafu,
mkono ndani mpaka begani.

Lakini aliijaza, mezani, kwa miwani ya marehemu mumewe.
Jina la shamba. Idadi ya mawe. Mmiliki wa mawe:
hapo kalamu ikasita, akapaacha wazi.

Usiku akatoka na tochi, akaenda penye pengo,
akasimama. Kusimama hakukatazwi.
Manane na mmoja, upepo ukiwazunguka wote bila kuchagua.
Hakusikia lolote, wala hakutarajia.
Magoti yalipoanza kumuuma akarudi,
akapitia bandani, kichwa ameinamisha.