Januari Mosi, Saa Moja na Robo

Mhariri ameniachia karatasi mezani, imelowa chai pembeni.
Siku kama ya leo. Naisoma kila asubuhi
baada ya bei ya samaki, kabla ya matangazo ya vifo,
katika chumba chetu kimoja cha ghorofani, hapa Langoni,
kinachonuka waya wa moto
na magodoro tuliyoyatundika ukutani kuzuia milio ya punda.

Siku kama ya leo, nasema, mwaka elfu moja mia nane na nne,
waliokuwa watumwa, huko Haiti, walitangaza nchi yao huru.
Siku kama ya leo, hamsini na sita, Sudani.
Sitini, Kameruni.
Siku kama ya leo alizaliwa mcheza sinema mmoja wa Bombei
ambaye shangazi zangu walimlilia
kuliko walivyowalilia waume zao.
(Hilo la shangazi halimo katika karatasi.)
Heri ya kuzaliwa, nasema, popote ulipo,
kana kwamba Bombei wananisikia,
na mlingoti wetu mvua ikinyesha haufiki hata Faza.

Kisha, sijui shetani gani, nikaigeuza karatasi.
Nikaikumbuka foleni ya vitambulisho,
nimemshika nyanya mkono,
na karani wa kutoka bara, shati limemganda mgongoni,
akimuuliza kila mtu: Ulizaliwa lini?
Wakimjibu: Mwaka wa nzige.
Mfunguo tatu, kumi la pili.
Siku paa la kina Mwenye Alawi lilipoanguka.
Yeye akitazama saa, akitazama foleni, akiandika:
Januari mosi. Januari mosi. Januari mosi.
Mtaa mzima ukaanguliwa siku moja kama vifaranga.

Basi nikawasoma nao.
Siku kama ya leo alizaliwa Famau Lali, mshona kofia,
ambaye macho yamekwisha lakini tundu la sindano bado analiona.
Alizaliwa Shee Skanda, refa wa zamani,
aliyewahi kumpa mkwewe kadi nyekundu, na ndoa ikanusurika.
Alizaliwa Mwanamkuu Bunu wa mikate ya mofa,
na marehemu pacha wake,
ambaye kwa mujibu wa serikali
alimtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu.

Simu ikalia kabla sijavifikia vifo.
"We mtoto, mimi si wa Januari!
Mimi nalizawa usiku wa mwezi kupatwa.
Mamangu alisikia watu wakipiga matasa,
akadhani wanamshangilia yeye."
Ya pili, Famau: alizaliwa sukari ilipopotea madukani,
wageni wakanywa chai kwa tende, wengine wakanuna.
Ya tatu, mtu wa Matondoni nisiyemjua:
tulipomtaja refa mbona hatukusema
kwamba penalti ile haikuwa penalti?
Saa mbili. Saa mbili u nusu.
Mhariri amesimama mlangoni, ananionyesha orodha ya maiti.
Nami nampungia: wangoje, hao ndio wasio na haraka.

Mwisho akapiga Mwanamkuu.
Nyuma yake nasikia mkate ukibanduliwa.
Hakulalamika. Aliuliza tu:
"Na hao wa Haiti. Tarehe yao
waliandikiwa na karani gani?"

Nikasema: Hao, Bi, waliiandika wenyewe.

Kimya. Nikadhani laini imekatika.

"Basi shika kalamu. Mimi ni Ijumaa.
Na ndugu yangu ni Ijumaa hiyo hiyo,
nyuma yangu, si mbele. Usikosee."

Karatasi ilikuwa imejaa pande zote mbili.
Nikaandika juu ya doa la chai.