Betri Zilishuka

Sikupiga chombo chochote, niseme mapema.
Nilikuwa fundi cherehani, Barabara ya Tisa, Ngamiani,
na kazi yangu kwa Kamba Ngumu ilianzia kwenye suruali:
nane, chini pana kama mdomo wa tarumbeta,
ambazo hawakunilipa.

Deni likanipa mlango wa bure.
Nikaingia na redio kaseti ya betri sita,
nikaiweka chini ya kiti, juu ya kanga iliyokunjwa
ili isisikie miguu.

Hakuna aliyenituma. Hakukuwa na kikao wala posho.
Bendi ilipokufa, wenyewe walirudi kiwandani kusokota kamba,
mmoja reli, mmoja Mombasa, mmoja kwa Mungu,
nami nikabaki na kaseti thelathini na moja
na daftari kubwa la jalada jeusi:
tarehe, ukumbi, nani alipiga nini,
nani alikuja amelewa,
wimbo upi ulikatwa na umeme.
Marehemu mume wangu aliziita kaseti mume mwenzake.
"Kila ukinunua betri," alisema, "mimi nala mchicha."

Watu huja. Huulizana mpaka wanipate.
Kijana wa Makorora anataka kujua
besi ya fanki inashikwaje, inaanzia uzi gani.
Namwambia nyuzi zako sizijui, najua zangu.
Sikiliza hapa: inakwenda hatua mbili, inarudi moja,
kama sindano inayofunga mshono usifumuke.
Akaondoka anatingisha kichwa. Wiki ya pili akarudi,
kaipata.

Binti wa Pongwe hakutaka wimbo.
Alitaka pumzi ya baba yake, Athanas Mhina,
ile aliyoivuta kabla ya kupuliza saksafoni.
Ipo. Kaseti ya kumi na mbili, upande wa pili.
Sekunde mbili.
Aliurudisha mkanda kwa kalamu, tena na tena,
nikaogopa utakatika,
nikanyamaza.

Ijumaa moja akaja Semboja mwenyewe,
mpiga besi, baiskeli kaiegemeza ukutani,
vidole vimekakamaa kwa miaka ya mkonge.
Nikamwekea kaseti ya saba, fahari yangu:
wimbo unaanza taratibu, kisha unapanda,
unapanda, mpaka mwisho ni moto mtupu,
na vijana wa leo wamevunja kucha wakiuiga.

Alisikiliza wote, kainamisha kichwa.
"Mwanamvua," akasema, "tulikwenda vilevile
mwanzo hadi mwisho, kama mashine ya kiwandani.
Sisi hatukupanda.
Betri zako ndizo zilizoshuka."

Akanieleza: kinasa kikichoka, mkanda huenda polepole;
ukija kuucheza kwa betri mpya, kila kitu kinakimbia,
hata sauti ya mtu mzima inakuwa ya mtoto.

Miaka arobaini nimeitunza njaa ya betri
nikiiita ufundi.

Nikafungua daftari. Kwa kalamu nyekundu nikaandika:
Kaseti ya saba, sahihisho, nukta mbili.
Hapo nikakwama. Niwaambie nini wale wa Makorora
waliokwisha kuufikia mwendo ambao haukuwapo?

Semboja akaniomba niurudishe.
Akaweka vidole juu ya goti,
akajaribu kuufuata wimbo wake mwenyewe,
ukamwacha,
akacheka, akaufukuza tena,
ukamwacha karibu na pale pa tarumbeta.
"Mara moja tu," akasema. Ikawa mara sita.

Mstari ule bado uko wazi kwenye daftari.
Alipoondoka, chini ya kikombe niliikuta noti ya elfu tano.
"Ya suruali!" alipaza sauti, keshapanda baiskeli.

Nikanunua betri.