Giza la Kulinganishia

Tartu, Januari. Saa kumi haijagonga, jua limeshafunga duka.
Silihitaji. Nashusha pazia, nazima taa,
nangoja macho yazoee.
Chini ya lenzi seli zinawaka kijani,
na kazi yangu ni kusema zinawaka vipi.

Duara la kwanza: kiini kimejaa pomoni,
laini kama uji usio na donge. Naandika.
La pili: ufuta uliomwagika,
na aliyemwaga hakujua pa kuacha. Naandika.
La tano: matone mawili matatu, mazito,
yamekaa kama macho yasiyopepesa.

Nyuso sizijui. Najua mirija na namba.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
hawa huenda wanaliwa na askari wao wenyewe,
huenda hawaliwi. Kuwaka si kuugua:
wapo wanaong'aa hivi umri mzima
na kifo kikawakuta wazee, koleo la theluji mkononi.

Duara la mwisho ni la mtu mwenye afya.
Kila kundi la sampuli sharti liwe na giza lake,
la kupimia mwanga wa wengine.
Ijumaa Urve alikunja mkono wa sweta:
"Chukua yangu. Mimi hata mafua sina."

Naangalia. Giza halipo.
Nukta. Nukta. Nukta. Nazihesabu
ingawa najua zitaishia wapi,
arobaini na ngapi sijui,
na pale seli inapojigawa
zimejipanga katikati kama shanga uzini.

Nazimua. Moja kwa mia sita na arobaini: bado.
Moja kwa elfu moja mia mbili na themanini:
bado.

Basi vile vidole vyake, kituoni, asubuhi ile,
vyeupe kama chaki, kisha buluu, kisha vyekundu.
Tulicheka. Nani hapa hana vidole vya baridi?

Sentromia, naandika. Kalamu inasita mahali pa jina.
Si hukumu. Daktari atauliza, atabinya ngozi,
atachungulia vishipa kwenye ukingo wa kucha,
na pengine miaka ipite, isitokee kitu.

Mlango unagongwa.
"Maarika! Vipi, giza langu safi?"
Amesimama na kikombe cha chai,
amekishika kwa glavu za sufu,
humu ndani, penye joto.

Mkono wangu uko kwenye swichi ya taa.
Siiwashi.