Uzoefu

Siku ya kwanza mkufunzi Kalunde alinusa viganja vyangu,
akaniuliza mbele ya darasa: Unavuta?
Sivuti, mwalimu. Nachambua.
Misimu kumi na mmoja kwenye mabani ya Urambo;
sabuni haijafika ilikofika gundi ya tumbaku.

Wenzangu wamekuja Ipuli kwa njia iliyonyooka:
kidato cha nne, D ya Baiolojia, ada ya baba,
begi la magurudumu.
Sizya aliingia na ufagio. Miaka tisa
alifagia wodi ya wanaume,
mpaka mganga mkuu akamfumania usiku
anamlisha uji mgonjwa asiye na ndugu.

Mimi Baiolojia ilinikataa mara mbili.
Ya tatu niliketi, umri thelathini na mbili,
nyuma ya kijana niliyewahi kumbeba mgongoni.
Moyo una vyumba vinne: hilo nililikariri
nikichochea magogo, bani likinguruma,
majani yakigeuka rangi juu ya kichwa changu.

Leo ni vitendo.
Kitandani amelala Bi Plastiki,
mguu wa kushoto hana, sijui nani aliuchukua.
Badili shuka, mgonjwa akiwa juu yake. Dakika kumi.
Mkono begani, mkono nyongani,
na kabla sijajizuia mdomo umeshasema:
Mwangaluka, mama. Nakugeuza, utazame dirishani.

Darasa likaangua kicheko.
Kalunde hakucheka. Akatazama saa,
akapitisha kiganja juu ya shuka, akitafuta mkunjo.
Nani alikufundisha kusema naye?

Kwenye fomu, palipoandikwa UZOEFU,
waliacha nafasi ya vidole viwili.
Niliandika HAKUNA, kwa herufi kubwa, kama walivyoagiza.
Miaka minne mama alilalia kitanda cha kamba,
nusu ya mwili imekwisha kumuaga.
Saa hatukuwa nayo. Nilimgeuza kwa jogoo,
kwa adhana, kwa kengele ya shule,
kwa lori la tumbaku likirudi tupu.
Tulimzika ngozi nzima,
mgongoni hana hata kidonda kimoja.

Fomu ilikuwa fupi, mwalimu.

Akaandika kitu, kalamu akiikandamiza.
Sikukiona.
Nikanawa mpaka kwenye vifundo, tulivyofundishwa,
nikanusa. Bado ipo.
Bi Plastiki anatazama dirishani.