Mtoki

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, wanasema.
Huu sikujichoma. Jani la mkonge lilinirudi,
mstari wa tisa, shamba la chini, Ngomeni,
akili yangu ikiwa kwenye hesabu ya matita.
Ncha nyeusi, haizidi punje ya mpunga,
iliingia pembeni mwa kidole gumba,
na pamoja nayo wageni ambao sikuwaona.

Nilinyonya, nikatema, nikaendelea kukata.

Usiku kidole kikaanza kupwita
kama mtu anayegonga ukuta kutokea chumba cha pili.
Zamoyoni, binti yangu, kidato cha tatu,
akakishika kwenye mwanga wa simu:
"Usikiogope, baba. Hapa wanaitana."
Nani?
"Walio ndani."

Akanieleza huku akichemsha maji ya chumvi.
Kwamba ngozi ni boma, na boma langu limetoboka.
Kwamba nyuma yake wako walaji, wakazi wa hapo hapo,
wanaopapasa kila kipitacho: wetu? si wetu?
Kisicho chetu wanakimeza kizimakizima.
Wakizidiwa wanapiga ukunga bila mdomo,
mishipa inalegeza kuta zake,
na chembe nyeupe zinajibana, zinapenya
kwenye nyufa ambazo uzi mmoja wa singa usingepita.

"Kwa hiyo huu uvimbe…"
"Si wa wadudu, baba. Ni wa kwetu."

Alhamisi kidole kilikuwa kimetunga.
Bwana Semkuya wa zahanati akakipasua, akapangusa.
Usaha ule, nilioukunjia uso tangu utotoni,
kumbe ni maiti za waliokimbilia pale kwanza:
wameishi siku moja, wamekula, wamepasuka.
Mimi nimezaliwa kambini, nawajua watu wa namba.
Babu yangu Luoga aliletwa na lori kutoka Songea,
akakata mkonge hadi mgongo ukagoma,
na hakuna jiwe hapa linalomtaja.
Niliitazama pamba ile kabla haijatupwa.
Nikasema, "Asanteni."
Semkuya akadhani namwambia yeye. "Haya, pole."

Kwapani pakaota mtoki, mgumu kama kokwa ya kungu.
Huko, anasema Zamoyoni, kimepelekwa kipande cha adui,
kinazungushwa mbele ya maelfu,
kila mmoja kazaliwa na ufunguo mmoja tu,
na wengi watakufa bila kuiona kufuli yao.
Yule mmoja unaomwingia anaanza kujigawa:
wawili, wanne, wanane,
hadi tezi inauma kwa wingi wa watu.
Homa nayo si ajali. Ni jiko limekolezwa makusudi.
Nikatetemeka chini ya shuka mbili, nikiwa karibu na furaha.

Ndipo nikauliza, "Na mama yako?"

Chumba cha pili Mwantumu alikuwa anapumua filimbi.
Miaka kumi na minne chumba cha brashi,
vumbi la singa kichwani kama mvi za kuazima.
Zamoyoni alifunga daftari, akalifungua tena.
"Ni walinzi wale wale," akasema.
"Wameona vumbi, wakadhani vita.
Wanafunga milango, na yeye yuko ndani."

Kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakutuambia kwamba hata chini ya ngozi.

Jumatatu nilirudi mstarini. Mtoki umenywea.
Wachache wamebaki mle, wanaikumbuka sura moja tu,
ile iliyopanda mwiba wangu;
ikirudi hata baada ya miaka, wataijua kwa harufu.
Hawajui mshahara wangu. Hawajui jina langu.

Dawa ya kuvuta ya Mwantumu zahanati haipo,
labda Bombo, na Bombo ni nauli.
Cheti kimo ndani ya daftari la baiolojia,
kwenye ukurasa wenye picha ya pafu.

Kidole hakiumi tena.
Usiku, nikiisikiliza filimbi ile, nakibonyeza hata hivyo.