Kufuli la Ndahani

Asilimia tisini na tatu, halafu ikagoma.
Mara ya nne hiyo tangu adhuhuri,
na upepo wa Hombolo unapitisha vumbi chini ya mlango
kama mdai asiyebisha hodi.
Bibi yangu angesema idodomya: imezama,
kama yule tembo aliyeupa mji jina.

"Usakinishaji umeshindikana. Kuna kinga nyingine ndani ya kompyuta hii."
Ipi? Nimeifuta jana mimi mwenyewe, kwa kidole hiki.
Leseni iliisha mwezi wa tatu,
ikabaki kupiga kelele tu, nilipe, nilipe,
huku flashi za watu zinaingia na wadudu wao
na kutoka na wa kwetu.
Nikaifuta. Nikawasha upya.
Nikaona peupe mahali pake, nikadhani pasafi.

Sechelela, karani wa mizani, amesimama nyuma yangu,
daftari la kilo kifuani.
Wakulima wa zabibu mia mbili na kumi na sita
wamo humu, na kreti zao, na makato yao,
na hakuna nakala. Ameshaniambia hakuna nakala.
Akarudia, taratibu, kama anayemtajia daktari jina la mtoto.

Programu ya kusafishia masalia ni megabaiti mia tatu.
Tukasubiri bando la usiku.

Saa tatu umeme ulikatika, ukarudi. Nikatoka kunyoosha mgongo.
Mlinzi mpya alikuwa amekaa juu ya tofali, upande wa barabarani,
sare ya kampuni bado ina mikunjo ya dukani.
Mbona huingii?
"Kufuli ni la yule mliyemwachisha. Ufunguo kaenda nao Mpwapwa.
Siwezi kulinda geti nisiloweza kulifunga."
Nikamulika kibandani: koti la Ndahani msumarini,
redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
kikombe, na ndani yake majani ya chai yaliyokauka.
Mshahara wa mwisho tulimlipa, akasaini, tukapeana mikono.
Nani aliukumbuka msumari?

Nilirudi ndani bila kumjibu.

Saa sita na dakika tano bando likaingia.
Nikaiwasha mashine katika hali salama:
skrini nyeusi, maandishi manene,
kama mtu aliyevuliwa miwani.
Nikashuka hadi kwenye rejesta,
matawi ndani ya matawi,
ukikata pasipo pako hakuna wa kukuungia.

Nikamkuta.
Folda moja, imejificha.
Huduma mbili zinazoamka kila asubuhi
kuripoti kwa bosi asiyekuwepo.
Na dereva mmoja, kilobaiti arobaini tu,
amekaa mlangoni pa mtandao na rungu lake,
hana habari kwamba kazi imekwisha.

Sikuweza kumkasirikia.
Nilifungua kumbukumbu zake. Tarehe, saa, jina la kirusi: kimezuiwa.
Kimezuiwa. Kimezuiwa.
Usiku wa Krismasi, saa tisa kasoro, sote tumelala:
kimezuiwa.

"Unasoma nini?" Sechelela akauliza.
Barua za mtu, nikasema.
Nikafuta. Folda, huduma, dereva, kisha lile tawi,
mkono wa kushoto umeushika wa kulia.

Washa upya. Sakinisha.
Tisini na moja. Tisini na mbili.
Tisini na tatu
ikakaa hapo, tukasikia feni,
tukasikia mbwa wa ng'ambo ya bwawa.

Tisini na nne.

Sechelela alikaa chini sakafuni, na sketi yake ya kazini, akacheka.
Hakucheka sana kinga mpya ilipofanya ukaguzi wa kwanza:
wadudu arobaini na mmoja,
thelathini na tisa kwenye flashi yake ya kwaya.

Asubuhi tulilikata kufuli kwa msumeno wa chuma.
Nakala zilikuwa tatu, moja tayari iko kwenye mkoba wake.
Koti alilikunja mwenyewe,
akalifunga na redio kwenye kiroba, akaandika kwa kalamu ya mizani,
NDAHANI, MPWAPWA, STENDI,
akampa kondakta nauli ya mzigo
bila kunidai nichangie.
Nilichangia.