Mizani ya Kibirizi

Daktari wa Mwanza hakushika kisu.
Alishika kifundo cha mkono wa Bitaliho,
akakizungushia vidole viwili,
vikakutana, vikapitana.
"Kibofu kitatoka," akasema, "ila si leo.
Mwili huu hauna akiba. Mrudishe Kigoma, mlishe.
Wiki sita. Nataka kilo tano."

Kilo tano!
Nauza dagaa Kibirizi mwaka wa kumi na tisa,
kilo tano nazijua kwa mkono, gizani,
nazifunga huku napiga soga.
Sikujua kumbe ni nzito hivi.

Nyumbani hatuna mizani ya watu.
Nikamkalisha ndani ya gunia,
kamba nne, ndoano, boriti ya banda,
akaning'inia kama mtoto wa kliniki.
Arobaini na tisa.
Siku ya ndoa yetu alikuwa gunia na debe.

Basi nikapika.
Uji wa ulezi na karanga kabla ya adhana,
mayai, mgebuka wa kuchemsha,
kijiko cha mawese juu ya maharage,
ugali kidogo, kidogo tena,
na saa nne usiku namwamsha: kunywa.
Wifi yangu Ntaboneka akaja na yake:
"Unaulisha ugonjwa. Saratani nayo inakula."
Inakula, ndiyo. Ndiyo maana napakua sahani mbili.

Alitapika nyuma ya choo,
akafukia kwa majivu,
akarudi akaomba tena.

Jumamosi ya tatu mshale uligoma.
Kidole changu, ambacho kwa wateja kimelala miaka yote
(isipokuwa masika moja, Mungu anisamehe),
kikapanda chenyewe ukingoni mwa gunia, kikabonyeza.
"Hamsini na moja!"
Akacheka. Alipoteremka
mifuko ya suruali ikagongana:
vijiwe vya ziwani, konzi mbili,
alivyookota ili mimi nisikate tamaa.

Tukakaa pale, waongo wawili,
tukagawana yai.

Mizani ya hospitali haina kidole,
na koti wanakuvua.
Hamsini na tatu. Nne, si tano.
Daktari akasoma karatasi ya damu,
akasoma mikono yangu inayonuka dagaa,
akasema, "Jumatano."

Sasa mkojo wake unatokea tumboni, ubavu wa kulia,
unashukia mfukoni, nami nimeuzoea
kama nilivyozoea kukoroma kwake.
Miaka hakuna aliyetuahidi.
Yule wa kitanda cha tisa aliingia mwembamba kama wembe,
siku ya sita shuka lake likakunjwa.
Jina simjui. Namkumbuka mkewe, mlangoni,
akiuliza bei ya maziwa.

Jumamosi bado tunapima.
Wiki hii hamsini kasoro; uji umemshinda, mchuzi kaunywa.
"Toa kidole," ananiambia.
"Toa mawe," namwambia.
Mshale unatetemeka, unatafuta pa kutua,
nami namwacha akining'inia kidogo
nikageuze samaki, wasiungue.